Mlango wa Eliya

Kila Jumapili, kabla ya somo la sikukuu, mwalimu huwagusa watoto vichwani akinong'ona, "Si mmoja, si wawili, si watatu," maana binadamu hahesabiwi, husuda isije ikasikia. Kisha hutia komeo kwenye mlango wa sinagogi, akarudi kulijaribu. Vidole vyake hunuka mzizi mkali anaowakunia waonje uchungu wa utumwa wa Misri, na sauti yake haipandi hata wakimwaga juisi ya zabibu. Leo walikuwa kwenye mazoezi ya karamu ya Pasaka, kikombe cha nabii Eliya kimejaa pomoni, wakafika pale mlango unapofunguliwa ili nabii aingie.

"Haya, Noemi, mfungulie."

Noemi hakuinuka.

"Mwoga we!" Asheri akamcheka.

"Mwalimu, si ulisema tusifungue, hata agonge nani? Tangu yule mtu aje na bunduki?"

Mwalimu alikitazama kikombe. Akaenda mwenyewe, akatoa komeo, akaufungua mlango wazi kabisa, akasimama kizingitini, mikono imeshika miimo huku na huku.

"Imbeni," akasema bila kugeuka.

Wakaimba. Noemi aliuona mgongo wake tu, umeuziba mlango mzima. Hata Eliya asingepata pa kupita.