Buti za Mzee na Nyumba ya Bwera

Mzee yangu alipomaliza kazi ya polisi, tulikuwa tunakaa Kasese, magharibi ya Uganda, kwa laini ya polisi, zile nyumba za askari, vyumba mbili na jiko ya nje. Upande huu jirani ni Mwacholi, upande ule ni Mlugbara, nyuma kuna Mteso na bibi yake wanaimba asubuhi yote. Ndiyo maana Kiswahili ilikuwa lugha yetu ya kupigana na ya kupatana. Na askari akistaafu, serikali inampa lori ya kumrudisha kwao. Kwa Mzee ilikuwa mbali sana, kule juu kaskazini, mahali mimi nilikuwa nimefika mara moja tu nikiwa mgongoni.

"Lori ikifika, tunapanda," Mzee akasema.

Mama akaweka sufuria chini. "Mimi nimepanda lori ya serikali tangu nikiwa bibi harusi. Tororo nimepanda. Moroto nimepanda. Kila mahali nikilima mboga, bibi ya askari mwingine ndiye anaikula. Sasa nina mahali yangu ya samaki kwa soko ya Bwera, watu wananijua, wananidai salamu. Sipandi."

"Utalala wapi? Juu ya samaki?"

"Nyumba itapatikana."

"Ipatikane kabla ya lori," Mzee akasema. "Ikipatikana, nitafikiria. Kama hakuna, sitaki maneno."

Mama akanigeukia mimi. Mimi kwa mama yangu, ukinionyesha simba, nakuuliza tu mama anataka nimshike wapi.

Taabu ni kwamba wakati ule mimi nilikuwa na kazi nyingine: konsati, michezo ya kuigiza mbele ya watu. Nilikuwa kijana wa ishirini na kidogo, mdomo haina breki. Shule iliniacha mapema, ama mimi niliiacha, sijui nani alianza. Kusoma nilijifunza kwa magazeti ile mama alifungia samaki. Habari ilikuwa inaanza vizuri, mwizi ameingia kwa duka, halafu karatasi imekatika, haina mwisho. Basi mwisho nilitunga mwenyewe. Hivyo ndivyo nilianza kutunga michezo, na nikapata wenzangu wa kucheza nao, vijana wa laini na wa mjini, tukawa tunafanya mazoezi kwa stoo ya tajiri mmoja Mwislamu mwenye malori.

Wasichana hatukuwa nao. Baba gani angekubali? Kwa hiyo bibi katika kila mchezo alikuwa rafiki yangu mkubwa, dereva wa huyo tajiri, jitu la mabega mapana na masharubu kama burashi ya viatu. Kunyoa alikataa kabisa. "Bibi yangu wa nyumbani atanifukuza," alisema. Kwa hiyo alikuwa anajifunga kitenge kichwani na kushika ncha yake mbele ya mdomo, kama bibi mwenye haya. Kwa konsati, mcheke mpaka mfe. Lakini mkimcheka barabarani, mnanipata mimi. Jino yangu moja ilibaki Hima, kwa wafanyakazi wa simiti, kwa sababu mmoja alimwita "shangazi" baada ya mchezo kuisha.

Basi ikawa hivi: jioni mazoezi, mchana kutafuta nyumba. Nikitafuta nyumba nasema maneno ya mchezo, nikifanya mazoezi nafikiria mabati. Kasese mwenye nyumba ananiuliza, "Uko na bibi?" Nasema nina mama. Anasema hapana, kijana bila bibi ataleta ngoma kwa nyumba. Hima nyumba zote zimejaa watu wa kiwanda, wanalala kwa zamu. Nyakiyumbu mzee mmoja alinisikiliza vizuri sana, akatikisa kichwa, akamwambia mtoto wake mbele yangu, "Huyu hapana. Huyu anajibu mpaka swali yenye hujaisema." Nikajibu. Nikapiga na ndoo yake teke.

Dereva alinicheka njia yote. "Ndugu yangu, wewe unatafuta nyumba ama unatafuta vita?"

"Natafuta nyumba!"

"Basi wacha ndoo za watu."

Mchezo yetu ya mwaka ule ilikuwa ya askari mwenye kukusanya kodi ya kichwa. Tulitangaza kila mara, kwa sauti kubwa, kwamba huyo ni askari ya zamani, ya wakati wa Mwingereza, ili mtu asituulize kitu. Watu walikuwa wanaitikia, "Ndiyo, ya zamani!" na kutazamana. Askari anaingia kwa nyumba ya maskini, anakalia kiti, anakula kuku, anatisha kila mtu, mpaka bibi ya nyumba anachoka na kumpiga na mwiko. Afande nilikuwa mimi. Kiswahili ya kambi nilizaliwa nayo. Na nguo nilikuwa nayo: koti kubwa ya Mzee ya zamani na buti zake, mama alizipaka rangi mpaka unaona meno yako.

Siku ya soko tukaenda Bwera na lori ya tajiri. Ilikuwa imebeba mapipa ya mafuta ya taa, na koti ikikaa karibu na mafuta ya taa, utanuka mwaka mzima. Basi nikaivaa. Buti pia nikavaa. Tulifika mapema, mchezo ni ya alasiri, nikasema wacha nitafute nyumba kidogo. Kwa soko wakaniambia kuna mama mmoja mjane, nyuma ya barabara ya Mpondwe, ile ya kwenda Kongo, ana nyumba ya kupangisha.

Nikapiga mlango kama tunavyopiga kwa laini. "Hodi!"

Yule mjane akatoka na unga mikononi. Aliangalia buti kwanza. Uso aliufikia baadaye.

"Karibu, afande."

Nikafurahi. Heshima! Nikakaa. Akafukuza kuku kutoka kiti ingine ili mkono yangu ipate mahali ya kupumzika.

"Mama, nasikia kuna nyumba hapa."

"Iko, afande. Iko."

"Nataka kuiona."

"Utaona nini tena? Ni hii. Ni ya weye." Akaingia, akatoka na ufunguo, akaushika na mikono miwili kunipa. "Wiki kesho utakuta batoto bamefagia."

"Na bei?"

"Bei gani, afande? Weye kaa tu."

Nilitoka pale miguu haigusi chini. Na juu ya ufunguo alinipa kuku, amefungwa miguu vizuri. Nikamwambia dereva, "Umeona? Nyinyi mnasema mdomo yangu inafukuza watu. Leo imeleta nyumba na kuku!" Alikuwa anajifunga kitenge, akaniangalia kutoka chini mpaka juu, akataka kusema kitu, lakini watu walikuwa wanapiga makofi tuanze. Yule mjane hakuja kuona mchezo siku ile. Alikuwa anahama, kumbe.

Nyumbani Mzee aliangalia ufunguo na kukohoa. Mama aliangalia kuku.

"Huyu ni wa nini?"

"Ni zawadi. Ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba gani anampa mpangaji kuku?"

"Alinipenda, mama. Niliongea vizuri."

"Wewe?" Mama akasema. "Siku ya soko tunaenda wote. Na kuku anaenda."

Siku ya soko ikafika, na habari ikafika nayo: lori ya serikali itakuja wiki ile ile. Mzee alianza kufungua vitanda. Mama alipanda lori ya tajiri mbele, kuku kwa mapaja, mimi nyuma na mapipa, nimevaa vile vile kwa sababu ya mchezo.

Nyumba ilikuwa imefagiwa mpaka ardhi inang'aa. Mjane alisimama pembeni, mikono imeshikana. Mama akaingia, akatoka, akazunguka nyuma. Akarudi pole pole.

"Dada yangu, wewe unalala wapi?"

"Kwa jiko, mama ya afande. Si mubaya. Batoto beko kwa jirani."

"Na nyumba ya kupangisha?"

Mjane akaonyesha na kidevu nyumba ndogo nyuma ya migomba, mabati yake imeinuka upande moja. "Ile? Ile haifai mukubwa."

Mama akanigeukia. Aliniangalia vile mjane aliniangalia mara ya kwanza, akianzia kwa buti.

"Vua."

"Nivue nini?"

"Vua hiyo kitu ya baba yako, mbele ya mwanamke wa watu!"

"Mama, mimi si askari! Mimi ni mtu wa konsati! Hii ni ya mchezo tu!" Nikamwambia na mjane, "Mama, nilikuwa nacheza!"

Hapo ndipo nilimharibu kabisa. Akarudi nyuma hatua moja. "Afande, miye sina mchezo na mutu. Nyumba kamata. Batoto tu niachie."

Nilitaka kulia na nilitaka kupiga ukuta, yote pamoja. Lakini mama alishamshika mjane mkono. Akampa kuku wake, akafunga mlango wa nyumba, akamwambia, "Kuja. Mimi si mama ya afande, mimi ni mama ya mjinga. Kuja nikuonyeshe."

Akamleta kwa uwanja nyuma ya soko, akamsimamisha mbele kabisa. Mimi nikaenda kucheza. Fikiria: nikicheza vibaya, huyu mama atazidi kuogopa, nyumba imekwenda, na mama yangu anapanda lori. Nikicheza vizuri, pia ataogopa, kwa sababu nitakuwa askari kweli kweli. Sikuwa na njia. Nikacheza vizuri.

Nikaingia na kelele, nikakalia kiti, nikaita kuku. Watu wakaanza kucheka. Mjane hakucheka. Nikamtukana baba wa nyumba, watu wakashika mbavu. Yeye amesimama tu, amemkumbatia kuku wake. Halafu dereva akatoka na mwiko, amejaa haya kama bibi, kitenge mbele ya mdomo, akanyanyua mkono anipige.

"Wacha!" Sauti ikatoka mbele. "Dada, wacha! Atakuua!"

Mjane alishaingia katikati yetu. Alimtupia mama yangu kuku, akamrukia dereva kumwokoa, akashika mwiko na mkono moja, na mkono ya pili akashika kitenge. Kitenge ikatoka. Masharubu ikatokea, kubwa, nyeusi, inatoka jasho.

Bwera yote ilianguka chini. Watu walilala kwa majani. Hata wale waliokuwa wanauza chumvi upande ya pili walikuja mbio kuona nani amekufa.

Mjane aliangalia masharubu. Aliangalia buti zangu. Aliangalia mama yangu, ambaye alikuwa anatikisa kichwa kusema ndiyo, ndiyo, dada, ndiyo hivyo. Halafu akachukua mwiko kwa dereva, ambaye alimpa kwa adabu sana, akanigeukia.

"Hii ya jiko!" Pa! "Siku mingi nalala na moshi!"

"Mama, nisikilize..."

"Hii ya kuku!" Pa!

"Kuku nimerudisha!"

"Basi ya batoto!"

Nilikimbia uwanja yote na koti ya polisi, mjane nyuma yangu, na watu wanampigia kelele ya furaha, "Ongeza! Ongeza!" Wenzangu wananiambia mpaka leo kwamba hatukuwahi kupata mwisho nzuri kama ile. Mimi mgongo iliniuma siku kadhaa, sikuweza kukubali wala kukataa.

Jioni tulirudi kwake. Aliingia kwa nyumba yake, akarudisha kitanda mahali yake, akatoka na uso mpya. Uso ya mwenye nyumba.

"Sasa tuongee," akasema. "Ile nyumba ndogo. Mabati utapigilia weye mwenyewe. Garanti unaleta mbele, pesa ya miezi kadhaa kabla ya kuingia. Ngoma sitaki. Wale batu ba mchezo sitaki kuwaona hapa usiku. Na yule mama ya masharubu, akitaka kunisalimia apite kwa barabara."

Damu ikapanda. "Mabati nipigilie mimi, na garanti nilipe? Nyumba inavuja, mama! Na rafiki yangu abaki barabarani? Yeye atapita mahali mimi napita!"

"Basi pita na yeye, mwende Kongo!"

"Tutaenda!"

"Nendeni! Nani amewashika? Afande ya uongo!"

"Juzi ulisema bei hakuna!"

"Juzi nilisema na buti! Leo nasema na weye!"

Tulipigizana kelele mpaka majirani wakaleta viti. Mama yangu hakuniambia ninyamaze hata mara moja, na hiyo si kawaida yake. Alikaa kwa jiwe ya mlango wa ile nyumba ndogo, akavua viatu, akanyoosha miguu, akawa anatusikiliza kama mtu anasikiliza redio. Mwisho dereva aliruhusiwa mchana tu, mabati ikawa ya kwangu.

Nilikuwa bado juu ya mabati, misumari mdomoni, lori ya serikali ilipofika kutoka Kasese. Mama, aliyerudi Kasese kufunga mizigo, alikuwa amemlazimisha dereva wa serikali apitie Bwera kwanza. Vitanda, sufuria, na Mzee mbele, amekaa wima na kofia, mikono kifuani. Injini inanguruma. Hakushuka. Aliangalia mabati, akaangalia migomba, akaangalia mbele, barabara ya kaskazini iko nyuma yake na yeye hataki kusema kwamba ameiona nyumba.

Mzee alikuwa sajenti. Hakuna mtu amemwambia shuka ama panda tangu mimi nizaliwe.

Mjane akatoka nyuma ya jiko na fimbo ya mbuzi, akaenda mpaka kwa mlango ya lori, akaigonga.

"Weye, muzee! Lori yako imeziba njia, mbuzi zangu zinataka kupita. Kama unashuka, shuka. Kama unakwenda, toa hii moshi hapa!"

Mzee akamwangalia. Akaangalia mbuzi. Halafu akafungua mlango, akashuka, na kusema, "Samahani, mama," akaanza kushusha kitanda.