Tangi la Ndege Lililokimbia Bahi

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Niliacha shule darasa la nne, nikauza maji kwa debe stendi ya Dodoma, nikauza chupa tupu, nikauza vyuma chakavu, na miaka ile ya ruksa ya biashara ilipofika, wenzangu wenye vyeti wakiwa bado wanasubiri barua za ofisini, mimi nilikuwa na lori langu mwenyewe na karakana yenye mafundi saba. Nimeona mtu akitoa ng'ombe wanne apate televisheni, na kijijini kwake hakuna umeme. Nimeona jeneza likirudishwa dukani kwa sababu mgonjwa amepona. Nilitikisa kichwa tu, nikaendelea na shughuli zangu.

Kwa hiyo siku niliponunua tangi la mafuta la ndege kwenye mnada wa chakavu, mimi niliona sufuria tu. Lilikuwa lile tangi la ziada ambalo ndege za kivita za zamani zilikuwa zikining'iniza chini ya tumbo, mafuta yakiisha zinalidondosha. Refu kuliko kitanda, nene katikati, limechongoka huku na huku kama kiazi kitamu, alumini tupu. Fundi wa kusubu sufuria alikuwa ameshakuja kuligonga-gonga kwa kidole.

"Usilikate," kaka yangu akasema.

Kaka yangu huyu, baba mmoja mama mmoja, alikuwa fundi bati, na fundi wa kweli. Mimi nilipewa mdomo, yeye akapewa mikono. Pale karakanani alikuwa mwajiriwa wangu, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka hilo mbele ya mama yetu. Akaniletea gazeti la kizungu lisilo na jalada, lililokuja limefungiwa vipuri vya mtumba. Kiingereza hatukijui wote wawili, lakini picha tulizielewa. Wazungu, baada ya vita yao kuu, walinunua matangi kama lile kwa bei ya kutupa, wakatoboa tundu la dereva, wakatia injini na magurudumu, wakaenda kuyakimbiza kwenye ziwa la chumvi lililokauka. Hawakushindana na mtu. Walishindana na saa.

"Mdogo wangu, nataka nilipande mara moja tu. Moja. Halafu likate sufuria zako."

"Utalikimbizia wapi, kaka? Kwenye mashimo haya ya Dodoma?"

"Bahi."

Bahi iko magharibi ya mji. Wakati wa mvua mbuga yake inakuwa ziwa, na kiangazi inakauka inabaki tambarare nyeupe hadi macho yanachoka. Wanawake wa pale hukwangua udongo wa juu, wakauchuja kwa maji, wakachemsha chumvi. Hakuna jiwe wala kichuguu. Nikasema haya.

Akaliunda miezi mitano, baada ya saa za kazi. Injini ya pikapu iliyopinduka akaiweka nyuma ya mgongo wake, magurudumu akayatoa nje ya tumbo la tangi, kiti akakishona mwenyewe kwa turubai. Majirani walichungulia juu ya ua.

"Jamani, hilo bomu likilipuka tutahamia Mpwapwa mtaa mzima!"

"Wewe utabaki," kaka akamjibu mmoja wao bila kuinua kichwa. "Kodi yako ya miezi mitatu nani atalipa?"

Sijawahi kumwona akitania vile kabla ya lile tangi. Alikuwa amefiwa na mke miaka miwili nyuma, na tangu hapo maneno yake ukiyataka lazima uyachimbe.

Mimi nikafanya kazi ninayoiweza. Nilitangaza sokoni, nikatangaza kilabuni, nikawaambia hadi mabwana wakubwa wa ofisini ninaowatengenezea magari, kwamba Jumapili fulani watu waje waone ukoo wetu umeunda nini.

"Mimi sikutaka ngoma," kaka akasema. "Nilitaka kukimbia."

"Sasa kitu bila watu wa kukiona ni kitu gani?"

Alhamisi ya wiki ile nilipeleka lori Kondoa kuchukua mahindi. Mvua ikanishukia huko kabla ya msimu wake, siku mbili mfululizo. Tulikwama kwenye lile tope jekundu la Kondoa, tukasukuma, tukalala ndani ya lori. Jumamosi nikafika Dodoma, jua kali, vumbi kama kawaida. Jumapili asubuhi nikalipakia tangi, nikapakia na watu, nikavaa mabuti yale yale niliyosukumia lori, tukaenda Bahi.

Kaka alikataa kulishusha kabla ya kuwauliza wenye chumvi. Akamwendea mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa anachochea moto chini ya pipa lililokatwa. Wote tukampa shikamoo.

"Marahaba. Hicho mlichopakia kinaliwa?"

"Kinakimbia, mama," kaka akasema. "Katikati kule ardhi imeshika?"

Yule mama akaeleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Mvua ya Bahi, akasema, unaiona. Ya kuogopa ni ya Kondoa. Mto unaileta hadi mbugani, maji yanaingia kwa chini, na huku juu ukoko wa chumvi unabaki mkavu na mweupe, unakucheka. Ndiyo maana wao hawaendi katikati bila kumuuliza kwanza mtu wa njia ya Kondoa.

Akanigeukia. "Wewe wa lori. Kondoa si unakwendaga? Kumenyesha?"

Kaka akanitazama. Nyuma yangu watu walikuwa wameshaanza kupiga vigelegele. Bwana mmoja mkubwa alikuja na kiti chake cha kukunja na mke wake.

"Kondoa?" nikasema. "Vumbi tupu, mama."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka chini. "Haya. Wewe ndiye uliyetoka huko. Mimi niseme nini?" Akarudi kwenye moto wake.

Kilomita moja tuliipima kwa kamba, bendera mwanzoni, bendera mwishoni. Saa nilishika mimi. Lilipopita bendera ya kwanza lilikuwa linang'aa kiasi kwamba kaka hakuonekana, ni kofia yake tu, na mngurumo wa injini ulitufikia tangi lenyewe likiwa limeshapita. Bendera ya pili ikashuka, nikabonyeza saa. Halafu, lilipoanza kupunguza mwendo mbele kule, gurudumu moja la mbele likaingia chini, na tangi likasimama kwa pua yake, likalala.

Nilikimbia mpaka pumzi ikakata. Kaka alikuwa bado yupo.

"Ngapi?" akauliza.

"Ishirini na mbili, kaka. Sekunde ishirini na mbili."

"Eeh," akasema, kama mtu aliyeambiwa bei nzuri. Hilo likawa neno lake la mwisho. Mahali gurudumu lilipotoboa, maji yalikuwa yanapanda polepole, safi kabisa. Nilikuwa nayajua yale maji. Tulitoka nayo Kondoa wiki ile ile.

Mjini wakasema mwanamke wa chumvi ndiye aliyeturuhusu. Mama yetu alimlaani kila alipotia chumvi chunguni. Mimi nilikuwepo, nikila. Tangi nililikata kama kaka alivyosema, na moja ya sufuria zile mama aliipikia hadi alipofariki. Alikufa akimchukia yule mama wa Bahi, na mdomo wangu huu ninaousifia haukufunguka.

Baada ya mazishi ya mama nikaenda Bahi. Nilimkuta pale pale, amezeeka, pipa jipya.

"Wewe wa lori," akasema.

"Mama, siku ile Kondoa ilikuwa imenyesha."

"Najua. Mabuti yako yalikuwa na tope jekundu mpaka vifundoni. Bahi hii tope jekundu liko wapi?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikungoja wewe. Yule alikuwa ndugu yako, si wangu."

Nilikuwa nimebeba bahasha nene, na doti ya kanga, na maneno niliyoyapanga njia nzima. Bahasha hakuigusa. Kanga akairudisha mapajani kwangu.

"Mimi nauza chumvi," akasema. "Unanunua, hununui?"

Nikanunua debe moja. Mimi, ambaye sijawahi kulipa bei ya kwanza maishani mwangu, sikuomba apunguze. Shilingi mia nane na hamsini.