Chai ya Mbegu za Bangi

Mbegu zile nilizitambua hata kabla sijauliza bei. Nimekulia kwenye milima ambako bangi iliota nyuma ya migomba, na bibi yangu aliipika pamoja na mboga bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa hiyo nilipoziona zimejaa chupa ya kioo katika duka la chai za mitishamba karibu na chuo chetu Guangzhou, mchana kweupe, polisi akijipitia zake, nilidhani Wachina wamenihurumia.

Na huruma niliihitaji. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nipo mwaka wa kwanza, nimekuja kusomea kilimo kwa ufadhili. Lugha imenishinda, usingizi umenikimbia. Sanduku langu lilikuwa limeshafungwa, lipo chini ya kitanda. Niliamua kurudi nyumbani, na wanaocheka wacheke.

Mwenye duka, mama mnene mwenye aproni, alizisaga mbegu akanipa glasi ya kitu cheupe, kizito kama uji wa mtoto. Jioni nikafungua daftari, nikaandika kama tulivyofundishwa maabara kule nyumbani: kipimo, kisha matokeo. Glasi moja. Nimecheka mpaka machozi. Nimekula mabakuli mawili ya tambi. Nimelala fofofo.

Siku hiyo ya kwanza nilikwenda na mwenzangu wa chumbani, Mkenya aliyesomea ufamasia. Nilimwambia ni chai tu, nisije nikamharibu mtoto wa watu. Baada ya chai tulikwenda Yide Lu, mtaa wa wauza vyakula vikavu, akapatana bei ya samaki mkavu kwa ukali hata muuzaji akamnyakua samaki wake na kusema meiyou, hakuna, huku mkia tunauona kwapani mwake.

Nikawa mteja. Daftari likajaa vicheko. Ukurasa mmoja tu ulikuwa mbaya, wa siku niliyokwenda peke yangu: Glasi mbili. Hakuna kitu, ila kukimbilia chooni. Nikalaumu kipimo.

Mwishowe siri ilinizidi, nikamwambia mwenzangu kuwa tumekuwa tukinywa bangi. Alinitazama, akanishika mkono hadi dukani, akamhoji yule mama kwa Kichina chake kibovu. Alipogeuka alikuwa ameshikilia meza asianguke kwa kicheko.

“Msee, hizi mbegu hazileweshi mtu,” alisema. “Ni dawa ya watu wamefunga choo.”

Yule mama, kwa upole kabisa, akaniuliza kwa ishara tumbo langu linaendeleaje. Mwanafunzi wa kilimo mimi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Halafu kicheko kikanishika, nikacheka hadi nikakaa sakafuni, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata funda moja.

Chumbani nilisoma daftari upya. Kila palipoandikwa nimecheka, mwenzangu alikuwepo, na samaki wake au na Kichina chake cha kujitungia. Kwenye ule ukurasa mbaya hakuwepo. Furaha ilinijaa, nikaona haya hata kumtazama.

Nikavuta sanduku, nikaanza kutoa nguo. Akauliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta kalamu, na nilipoipata niliandika ukurasa wa mwisho. Kipimo: Mkenya mmoja. Matokeo: sirudi nyumbani.