Waya Uliokosa Kazi

Hii habari inanichora vibaya, mwanangu, lakini bora unicheke mimi kuliko uje uchekwe wewe. Naongea kizee ingawa ndevu zangu bado zinahesabika. Niliishia la saba. Mengine nimefundishwa na nyaya.

Nakumbuka tulivyokuwa Karatu, enzi simu ya mkononi bado ni ya wenye nafasi. Mama Neema, Mchaga mwenye duka la intaneti, alinipa kazi ya kuangalia mashine. Fundi wa Arusha alifunga dishi juu ya bati, chini akaweka modemu, na waya ukatoka kwenye modemu kwenda kwenye swichi, kile kiboksi chenye matundu mengi kinachogawia kompyuta zote. Akaondoka. Ila kulikuwa na waya mwingine, upande mmoja uko kwenye swichi, upande wa pili unaning'inia. Ulinisumbua roho. Huu una kazi gani? Nikauchomeka kwenye tundu lililokuwa wazi, swichi ile ile, nione.

Taa zote zikaanza kuwaka na kuzima kwa pamoja, mbio mbio. Nikawatangazia wateja kwamba leo mtandao una kasi. Hazikupita dakika mbili, kompyuta zote zikaganda.

Mzee Gwandu alikuwa ametoka kijijini Buger na binti yake, Paskalina. Fomu ya chuo cha uuguzi ilitakiwa ifike kabla ya saa kumi siku hiyo hiyo, na saa tisa ilishagonga. Mimi nikasingizia ukungu wa Ngorongoro. Nikapanda juu ya bati, nikapangusa dishi kwa kanga niliyoanua kwenye kamba ya jirani. Nashuka, bado kumeganda. Mama Neema akampigia fundi. Fundi akauliza kama kuna mtu amegusa waya. Nikajibu upesi kuliko hata hiyo modemu: hakuna. Basi tukawa tunazima modemu, tunawasha, tunasubiri, tunazima tena. Paskalina anaangalia tu saa ya ukutani.

Mzee, ambaye hajawahi kushika kompyuta, akainama akazichungulia zile taa kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza taratibu.

"Bwana mdogo, huu waya unatoka hapa, unaingia hapa hapa. Unampelekea nani?"

Nikaushika ule waya. "Ni mimi, mzee. Nilitaka kuona."

Nikauchomoa. Kumbe swichi ilikuwa inajitumia yenyewe habari zile zile, zinazunguka hadi njia ikaziba. Taa zikatulia, kila moja ikawaka kwa zamu yake. Fomu ikaondoka saa kumi kasoro dakika nne.

Kwa hiyo, mwanangu, dadisi, mimi sikukatazi. Gusa kimoja kimoja, kumbuka ulichogusa, na ukiulizwa, sema. Kuchomoa waya kulichukua kufumba na kufumbua. Lile "hakuna" langu lilikula karibu saa nzima ya mtoto wa watu.

Wakati wanaondoka nikampa mzee shikamoo ya pili, ya aibu. Akaniwekea mkono kichwani.

"Huo udadisi Mungu akuzidishie," akasema. "Uongo akupunguzie. Halafu kaifue hiyo kanga ya watu."