Kofia ya Taa ya Kona

Mtaani walimwita Popo, naye akaitika. Mchana alikuwa fundi umeme wa manispaa. Giza likiingia alipanda juu ya paa lake la zege na darubini aliyoifungia kamera kuukuu. Majirani waliapa kwamba anachungulia madirisha ya watu. Kumbe macho yake yalikuwa kwenye mawingu ya gesi, huko mbali nyota zinakozaliwa.

Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho hata mvivu hukiona, alishakipiga picha zamani. Sasa lilimteka wingu moja ambalo nuru yake ni hafifu mno hata picha moja haionyeshi kitu. Alipiga nyingi, usiku baada ya usiku, akazilaza moja juu ya nyingine kwenye kompyuta mpaka wingu likaanza kujitokeza, kama uso nyuma ya pazia. Lilikuwa limefika nusu, na hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo.

Ndipo mtaa ukaletewa taa. Wakazi walizililia kwa miaka, na walikuwa na haki: kwa nini mwanga uishie kwenye barabara za wenye magari? Popo mwenyewe ndiye aliyetumwa kuzifunga. Taa ya kona ilipowaka, watoto walicheza chini yake mpaka mama zao wakaja kuwavuta masikio, na wingu la Popo likazama kwenye weupe wa mwanga.

Kesho yake alikata debe la mafuta, akaivisha taa ile upande wa nyumbani kwake, kama kofia iliyovutwa usoni. Nani angemuuliza? Fundi ni yeye. Paa likarudi gizani, akaendelea na kazi yake.

Katika chumba cha chini cha nyumba hiyo aliishi mjane wa kaka yake, mkunga wa zamu za usiku. Alfajiri moja Popo alimkuta ameketi kwenye ngazi, goti linavuja damu. Alikuwa ametumbukia mtaroni.

"Shemeji, kona yote inawaka," alisema. "Mlangoni kwangu tu ndiko taa inasinzia."

Popo angeweza kusingizia hitilafu. Badala yake alikiri kwamba ameifunika yeye, akakimbia juu kuleta picha. Shemeji akaiinua kwenye mwanga, kama alivyozoea kufanya na picha za eksirei kazini.

"Mapafu ya nani haya?"

"Si mapafu. Ni nyota zinazaliwa."

Aliitazama kwa muda, akaisifu, akamrudishia. "Na mimi usiku kucha nazalisha, shemeji. Ila wangu hawangoji."

Akamuuliza kama amekula. Popo akadanganya kwamba ameshiba. Kabla ya kwenda kazini alipanda nguzo, akalivua lile debe.

Usiku huo aliifunika darubini kwa shuka, akakaa tu kando yake. Kulipokaribia kupambazuka alisikia viatu vya shemeji vikipita kwenye mwanga, haraka, bila kusita popote. Akainuka, akainama ukingoni amwitie, amwambie tu kwamba leo anga lilikuwa safi. Mlango ulikuwa umeshafungwa.