Swali Nililomuuliza Mwanaidi Mbele ya Wakwe

Mwanangu, ipo siku moja kule Masaki ya Kisarawe ambayo naikumbuka vizuri kuliko siku niliyopewa shahada. Sasa nimestaafu, nimetulia hapa Tangini na bustani yangu, lakini wakati ule nilikuwa binti mbichi, mtafiti wa magonjwa ya akina mama. Tulipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wanawake wenye fistula, yaani waliokawia kwenye uchungu wa kuzaa hadi kibofu kikatoboka, mkojo ukawa unavuja bila kuzuilika. Ah, nilivyokuwa najiona! Koti jeupe, karatasi mkononi, gari linanisubiri barabarani.

Aliyenitembeza alikuwa Bibi Tatu, mkunga mstaafu wa zahanati, mtu wa maneno machache. Tukafika nyumba moja, tukamkuta mama mkwe na mawifi wanamenya mihogo. Mwanaidi, mke wa pale, alikaa peke yake pembeni. Nikamuuliza kwa sauti, kama dodoso lilivyoandikwa:

"Je, mkojo huwa unakutoka bila wewe kutaka?"

Mawifi wakaacha kumenya. Mwanaidi akainamisha kichwa.

"Hapana."

Nikaweka alama kwenye hapana, nikashukuru, nikaondoka.

Njiani Bibi Tatu akasimama. "Umeandika nini?"

"Hana tatizo, bibi."

"Na zile kanga zote kambani? Mle ndani hamna mtoto mchanga."

Nikamjibu, na aibu ninayo hadi leo, "Bibi, kazi hii nimeisomea. Naandika ninachojibiwa."

Hakupandisha sauti. "Umemvua nguo mbele ya wakwe zake, mwanangu. Ulitaka afanye nini kama si kujifunika?"

Kesho yake asubuhi nikarudi, bila koti, bila karatasi. Mwanaidi alikuwa shambani peke yake. Nikaomba jembe, nikalima naye mihogo, vibaya kweli, hata akanicheka. Tuliongea habari za mvua, za nguruwe pori wanaofukua mihogo, za kwetu nilikozaliwa. Jua lilipokuwa kali tukakaa kivulini, naye akasema mwenyewe:

"Dada, jana nilikudanganya."

Alikuwa amekaa na uchungu siku mbili nyumbani. Mtoto akafa, yeye akabaki na hali ile. Tangu hapo hakwenda arusini wala kwenye maulidi, akiogopa harufu, akiogopa kunyanyuka na kuacha kanga imelowa. Mumewe alihamia mtaa uitwao Picha ya Ndege kutafuta kazi, harudi.

Nilimshika mkono, nikafanya kosa la pili: nikamwahidi kwamba atapona. Tukampeleka hospitali, akapasuliwa, na tundu halikuziba. Nikaenda wodini kumwona. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamwomba radhi, nikamwambia ukweli kama madaktari walivyonieleza: huenda upasuaji wa pili ukafaulu, huenda usifaulu. Akafikiri, akasema, "Sasa umesema vizuri. Tujaribu."

Miezi ikapita, akapasuliwa tena. Safari hii tundu likaziba.

Kule kazini nilikiri kwa msimamizi wangu kwamba majibu niliyokusanya hayafai. Alinuna, lakini nikarudia nyumba zote, safari hii nikikaa na kila mwanamke faraghani. Wapo waliosema hapana mara ya kwanza, ambao sasa walilia kabla sijamaliza kuuliza.

Mwaka uliofuata nilialikwa arusi Masaki. Nikamwona Mwanaidi mkekani, katikati ya wanawake, amebanwa huku na huku, anapiga vigelegele. Akanipungia mkono. "Dada, njoo ubanane hapa!" Nikabanana.

Basi mwanangu, nawe unaanza kazi hii, nisikilize. Usimuulize mtu jambo la siri yake mbele ya watu anaowaogopa. Kaa naye kwanza, hata siku nzima ipotee. Usiahidi usichokiweza. Na ukigundua umekosea, sema mapema, hata kama mkubwa wako atanuna, kwa sababu kila hapana ya uongo ni mwanamke anayebaki nyumbani bila tiba.

Mungu akupe masikio ya kusikia wanachoshindwa kusema, akulainishie ulimi, na wanawake utakaowahudumia wakutaje kwa heri katika dua zao.