Nani Amechinja?

Enzi zetu pale Igogo, Mwanza, Krismasi haikuanzia kanisani. Ilianzia kwa Mzee Athumani, Mwislamu wa swala tano, fundi cherehani, jirani yetu wa hatua thelathini kutoka mlango wetu hadi wake. Wenzangu wa rika langu mnajua ninachosema. Mkristo alikuwa na kuku, mchele na viungo, lakini mkono wa kuchinja ulikuwa wa jirani yake Mwislamu, ili mchana sinia likipita mtaani asiwepo mtu wa kulitazama kwa mbali. Hakuna aliyetuitia semina kutufundisha hilo. Tulizaliwa tukalikuta.

Nayakumbuka haya mwaka huu kuliko miaka yote kwa sababu Krismasi hii nimeikuta peke yangu. Niseme wazi, maana umri wangu hauna tena sababu ya kuficha. Nilikuwa na jogoo, nilikuwa na mchele, na sikuwa na mtu. Wanangu wawili wako Dar, kaka yangu Masanja yuko Arusha na wajukuu zake, na marehemu mume wangu alishatangulia. Wote walio hai waliniahidi mapema kwamba safari hii tunakutana nyumbani. Ilipofika wiki ya sikukuu, ahadi zikaanza kudondoka moja moja. Wa kwanza hakupata likizo. Wa pili mkewe aliomba waende ukweni, na ukweni hakukataliwi. Masanja alipiga simu akikohoakohoa, akanieleza kwamba wajukuu wamesema Mwanza hakuna cha kufanya. Ziwa lote lile, na hakuna cha kufanya. Sikugombana naye. Nilisema sawa, Mungu akipenda mwakani, nikakata simu, nikamtazama jogoo niliyemfunga mguu kwenye nguzo ya jikoni, naye akanitazama.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, wiki mbili kabla ya sikukuu Mama alikuwa akinunua jora moja la kitambaa. Moja tu, kwa nyumba nzima. Mzee Athumani alitupima mmoja mmoja kwa utepe wake, akiacha nafasi kubwa kwa sababu, alisema, mtoto anayeshonewa nguo ya leo tu atatembea uchi mwakani. Likatoka gauni la Mama, gauni langu, shati la Masanja, na kilichobaki kikawa pazia. Tukikaa sebuleni mgeni alipata taabu kujua pazia linaishia wapi na mtoto anaanzia wapi. Vijana wa leo wanaita hivyo sare na wanalipia mpiga picha. Sisi tuliita Krismasi.

Siku moja kabla, Shangazi alifika kutoka Usagara na watoto wake watatu, tenga la kuku kichwani na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, begani. Yeye alikuwa Msukuma wa ndani kabisa, herufi r haikuwahi kumkubali. Alisimama mlangoni akatutangazia "Klismasi njema" kwa sauti ambayo nadhani waliisikia hata wavuvi majini, nasi tukashindana kumpokea mizigo huku tukimwamkia. Mti wetu ulikuwa tawi la mvinje lililosimikwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia lililojazwa mchanga wa ziwani. Juu yake tulipachika pamba, eti theluji, kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona. Harufu ya bizari na mdalasini ilitoka jikoni ikakutana mlangoni na upepo wa ziwa wenye harufu ya dagaa. Hadi leo nikizisikia harufu hizo mbili kwa pamoja, moyo wangu unafunga virago kwenda utotoni.

Sasa, kazi yangu mimi Kabula tangu nikiwa na miaka saba ilikuwa moja tu: asubuhi ya Krismasi kwenda kumwita Mzee Athumani. Hakuja bila kuitwa, kwa sababu mchinjaji huitwa, hajipeleki. Nilimwamkia, nikamwambia Baba anasema kuku wako tayari. Alivaa kofia yake nyeupe, akachukua kisu alichokuwa amekifunga kwenye gazeti, akanifuata. Mimi nilishika miguu ya kuku, yeye akaelekea kibla, akataja jina la Mungu, ikawa imekwisha. Mchana tukampelekea sinia la pilau lililofunikwa kitambaa cha kufuma. Sinia hilo kesho yake lilirudi na visheti vya mkewe, Mama Zuwena, kwa sababu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Mama yangu alikuwa na msemo wake aliourudia kila mwaka: "Sikukuu isiyofika kwa jirani ni Jumatatu tu."

Mwaka niliokuwa na miaka kumi ndio mwaka ambao ningeweza kuufuta kama ningepewa kifutio. Wazazi na Shangazi walikwenda misa ya kwanza, wakatuachia mimi na Masanja kuku watatu, ili sisi twende misa ya pili. Nikatumwa kama kawaida. Lakini mwaka huo nilikuwa na viatu vyeusi vya kifungo, vya kwanza maishani mwangu kuwa vipya kweli, na kwenye jiwe kubwa katikati ya nyumba yetu na ya Mzee Athumani walikuwa wamekaa watoto wa mtaa mzima wakionyeshana viatu. Nikasimama nionekane kidogo. Kidogo ikawa kidogo tena. Niliposhtuka jua limeshapanda, nikaona aibu kumwendea Mzee muda huo, nikarudi nyumbani mbio.

Nikakuta kuku wote watatu wamelala kwenye karai. Masanja alikuwa na miaka kumi na mitano, rafiki zake walikuwa wanamsubiri wakatembee Kapripoint, na maji ya kunyonyolea yalikuwa yamechemka. Alikuwa amechinja mwenyewe. Aliniambia kisu ni kisu, na kwamba nikisema, naye atasema nilikuwa wapi. Mama aliporudi akauliza kama Mzee alifika. Masanja akasema alifika. Mama akanitazama mimi, nami nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Uongo wa kitoto, wenzangu, hauna hesabu. Hatukukumbuka kabisa kwamba mtu wa kwanza kupelekewa sinia ni yuleyule tuliyesema amechinja.

Nilikumbuka nikiwa nimeshalibeba. Hatua thelathini zile zilikuwa ndefu kuliko njia ya kwenda Butimba kwa miguu. Na nilichokikuta mwisho wake sijakisahau. Mzee Athumani alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni pake, kanzu safi, kofia nyeupe, kisu kimefungwa kwenye gazeti juu ya mapaja yake. Alikuwa amekaa hivyo tangu asubuhi. Alikuwa anangoja kuitwa.

Akalitazama sinia. Harufu ilikuwa imeshafika kabla yangu. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani amechinja?"

"Masanja," nikasema.

Hakukunja uso. Akakishika kile kisu, akakigeuza kidogo, akakirudisha. Halafu akaniagiza nirudishe sinia polepole nisimwage, nimwambie Mama kwamba tumbo lake leo halitaki nyama. Mimi nikajua, hata kwa akili ya miaka kumi, kwamba ananifichia. Ndiyo maana nililia njia nzima. Angenichapa nisingelia vile.

Mama alifunua kitambaa akakuta pilau kama alivyolipakua. Nikampa maneno ya Mzee. Akauliza, na tumbo la Mama Zuwena je? Na matumbo ya watoto sita? Yote yameamka yakakataa nyama siku moja? Akamgeukia Masanja, naye akaanza kutazama viatu vyake, na mambo yakawa hadharani. Hakuna aliyepigwa. Baba alikuwa ameshanawa mikono, akaikausha, akasogeza sahani mbele, akasema yeye hali. Shangazi naye akaweka kijiko chini. Mama akatoka nje, akamkamata mtetea wake wa mayai, yule aliyempenda mpaka akampa jina, akaniwekea mikononi. "Nenda kamwite," akasema. "Na umwombe radhi wewe mwenyewe."

Mzee Athumani alikuja. Nilimwomba radhi nikiwa nimeshika miguu ya yule mtetea, akaniwekea mkono kichwani, akasema yamekwisha. Masanja alimnyonyoa akiwa ndani ya shati lake jipya, manyoya yamemganda mpaka kwenye nyusi. Tulikaa na njaa, watu wazima na watoto, mpaka saa kumi na moja jioni, mikeka imetandikwa kwenye kivuli cha jiwe, na safari hii familia yote ya Mzee ikaja kukaa pamoja nasi. Mtetea mmoja kwa watu kumi na sita. Nilipata kipande cha shingo. Sijala nyama tamu kama ile.

Hiyo ndiyo Krismasi ninayoilinganisha na hizi zote. Mzee Athumani alifariki, Mama Zuwena akamfuata, watoto wakauza nyumba. Binti yao Zuwena yuko Tabora, tunasalimiana kwa simu. Walionunua wamejenga ukuta na geti jeusi, wakaweka wapangaji ambao hubadilika kabla sijajua majina yao. Ukiwaona siku hizi sikukuuni, wanapiga picha chakula mpaka kinapoa, wanawatumia watu walio mbali, na wa karibu hata hawasikii harufu, madirisha yamefungwa.

Asubuhi ya Krismasi yangu hii niliamka nikamtia jogoo kwenye kikapu, nikashuka naye sokoni kwa mchinjaji mmoja Mwislamu anayechinjia wauza kuku. Ningeweza kumchinja mwenyewe. Nilikuwa namlinda nani, wakati mlaji ni mimi? Lakini mkono ulikataa. Mchinjaji akaniuliza kama nina wageni wengi. Nikamwambia wapo. Nilisimama nikashuhudia akitaja jina la Mungu, nikamlipa, nikarudi nyumbani na kuku aliyechinjwa ili kila mtu aweze kumla, na kila mtu hayupo.

Nilikwenda misa, nikarudi nikapika. Pilau likaiva sawasawa, jambo lililonichukiza, maana hapakuwa na wa kulisifia. Nikapakua sahani mbili, mkono ulizoea. Yangu ikanishinda. Ya pili nikaifunika kwa kitambaa cha kufuma cha Mama, nikakaa nayo mlangoni juu ya mapaja, nimevaa gauni langu jipya. Nilikaa muda mrefu sana. Watu walipita, wengine walinisalimu kwa kichwa. Ndipo nikajua Mzee Athumani alijisikiaje siku ile, amevaa vizuri, ameshika alichonacho, anangoja kuitwa. Nikalia kidogo. Halafu nikajiambia, Kabula, wewe siyo mchinjaji. Wewe ndiye unayetumwa. Inuka.

Hatua ni zilezile thelathini, ila miguu sasa inazihesabu. Nikagonga geti. Akafungua binti mmoja mwenye vifaa vya muziki masikioni, akaitazama sahani, akasema, "Leo hatununui, bibi."

"Siuzi, mwanangu. Ni sikukuu. Mimi ni jirani yako, nyumba ile."

Akatoa kifaa sikio moja, halafu la pili. Akakumbuka kuniamkia, nikaitikia. Akasita, akaitazama kofia nyeupe ya mume wake iliyoanikwa kwenye kamba, akanitazama mimi. "Samahani, usinielewe vibaya," akasema. "Sisi ni Waislamu. Nani amechinja?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nimelibeba tangu nikiwa na miaka kumi. Nikamwambia amechinja Mwislamu mwenzake, wa pale sokoni, na mimi mwenyewe nilisimama nikaona. Akaipokea sahani kwa mikono miwili. Hakunikaribisha ndani, nadhani hakujua kama inafaa, nami sikungoja.

Leo ni siku ya tatu na sahani haijarudi. Enzi zetu ningekuwa nimeshakula visheti vyake. Inawezekana ameisahau kwenye beseni la vyombo, hawa watoto wana mambo mengi. Lakini najiambia kwamba asiyefundishwa angeirudisha siku ileile, imeoshwa, tupu. Huyu huenda alifundishwa na mama yake, na sasa anahangaika atafute cha kuweka.

Jana Masanja alipiga simu kuuliza sikukuu ilikwendaje. Nikamwambia nilikuwa peke yangu, lakini ilifika kwa jirani. Kisha akauliza polepole, mzee mzima na mvi zake, nani alichinja. Nikamwambia, na nikamsikia akipenga kamasi.

Nimerudi kukaa mlangoni. Sahani si kitu, ninazo nyingine. Ila mlango sijaufunga.